Jina la Mji katika Kitoweo

Kila mji una kitu ambacho wenyeji wake humwonyesha mgeni kwa kidole. Mmoja huonyesha minara, mwingine bandari, mwingine mlima ulio nyuma ya nyumba zake. Mji wa Singida una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai. Una heroe wanaosimama kwa mguu mmoja katika maji hayo. Una mawe makubwa yaliyotapakaa vichakani kama mizigo iliyotuliwa na wapagazi wasiorudi. Tena una upepo usiojua kuchoka. Walakini msafiri akitaja Singida ndani ya basi, jirani yake wa kiti cha pili haulizi habari za heroe wala za mawe. Huuliza habari za kuku.

Sifa hiyo si ndogo. Miji mingi ya dunia imetumia fedha nyingi kutafuta sifa isiyofika nusu yake. Hata hivyo, si haba vijana wa Singida ambao hawaioni kuwa sifa. Kwao kuku wa kienyeji ni alama ya shamba, na mji, ili uitwe mji, hauna budi kuwa na kile kilicho katika miji mingine: mkahawa wenye taa usiku kucha, jina la kigeni juu ya mlango, na chakula kilicho sawasawa na kile kinacholiwa London au Dubai. Duka la kuku wa Kentucky lilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2013, wako waliosema kwamba sasa Dar es Salaam imekuwa jiji, kana kwamba watu milioni kadhaa waliokuwa wakiishi humo kabla ya siku ile walikuwa wamepiga hema tu. Baada ya kuku ikaja piza yenye majina ya ng'ambo, na vijana wa bara wakaanza kuhesabu: limefika Dar es Salaam, litafika lini kwetu?

Je, ni haki mji kujivunia mikahawa ya namna hii, yenye jina moja na matawi elfu? Jibu la haraka la wasomi ni hapana, na kwa kuwa ni la haraka halifai kuaminiwa. Kwanza yafaa kuuliza mikahawa hiyo ilizaliwa wapi, na kwa uchungu gani.

Mwaka 1930 mtu mmoja aitwaye Harland Sanders alianza kuuza chakula katika kituo cha mafuta ya magari penye mji mdogo wa Corbin, jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Hakuwa na mkahawa. Wasafiri waliosimama kutia mafuta walikula katika meza yake mwenyewe. Sifa ya kuku wake ikaenea njiani. Lakini kuku wa kukaanga alitaka nusu saa motoni, na msafiri hana nusu saa ya kumpa mpishi. Mwaka 1939 Sanders akapata sufuria lenye mfuniko wa kukaza, lipikalo kwa nguvu ya mvuke, akalifanyia ufundi hata likaivisha kuku kwa dakika chache. Hapo msafiri akashiba na safari isichelewe. Kisha, katika miaka ya 1950, ikapangwa barabara kuu mpya ipite kando ya mji. Wasafiri hawana ahadi na mpishi. Ahadi yao ni kwa njia. Mwaka 1956 Sanders akauza mahali pake, na mzee wa miaka sitini na zaidi akaingia barabarani na sufuria lake na mchanganyiko wake wa viungo, akienda mlango kwa mlango kuwauzia wenye mikahawa ruhusa ya kupika kama yeye, kwa malipo ya senti chache katika kila kuku.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mkahawa wa kwanza kuuza kuku kwa jina la Kentucky haukuwa Kentucky. Ulikuwa katika jimbo la Utah, mbali sana upande wa magharibi, mwaka 1952. Yaonekana mwenyewe alitambua jambo ambalo wauzaji wa vyakula wamelijua tangu zamani, kwamba jina la mbali huongeza utamu. Mwaka 1964 mzee akauza kampuni yake kwa dola milioni 2, na katika siku zake za mwisho alikuwa akipita katika maduka yenye sura yake mlangoni na kugombeza kwa sababu ya mchuzi. Mtu amejiona kwenye ukuta akicheka, naye ndani amekasirika.

Watu wa Corbin hujivunia historia hiyo, na mkahawa wa mzee umehifadhiwa kama makumbusho. Nani atawalaumu? Vivyo hivyo watu wa Michigan, mahali palipozaliwa majina 2 makubwa ya piza: Little Caesars, iliyoanzishwa na mume na mkewe mwaka 1959 katika Garden City karibu na Detroit, na Domino's, iliyoanzishwa na ndugu 2 huko Ypsilanti mwaka 1960. Mmoja wa ndugu hao alijitoa mapema, akabadilisha fungu lake kwa gari dogo aina ya Volkswagen, na tangu hapo gari hilo limekuwa gari ghali kuliko yote yaliyopata kutengenezwa. Fahari ya Michigan ni fahari ya mzazi. Lakini Detroit hiyo hiyo ina piza yake nyingine, ya pembe nne, iliyoanza mwaka 1946, ambayo husemwa kwamba iliokwa katika trei za chuma zilizotoka katika viwanda vya magari. Hiyo ni fahari ya mpishi. Mtu hawezi kuila na kusahau kwamba yuko katika mji wa wahunzi wa magari, na zile nyingine mtu huweza kuzila popote asijue yuko wapi. Wala hilo si kosa lao. Ndiyo kazi waliyoundwa kuifanya. Mteja huyaingia maduka hayo kwa kuwa hapendi kushangazwa.

Basi ziko fahari 2, ya mzazi na ya mpishi, na zote zina haki yake. Iko na ya tatu, nayo ndiyo inayotamaniwa na vijana wa Singida: fahari ya mji uliofikiwa. Hii ni dhaifu kuliko zote. Nairobi ilipata kuku wa Kentucky mwaka 2011. Mwezi wa Januari, 2022, matawi ya Kenya yakaishiwa chipsi, si kwa sababu ya ukame wala nzige, bali kwa sababu meli zilizoleta viazi zilichelewa. Wakenya walipopata habari kwamba viazi vile vilikuwa vikisafiri baharini, hali Nyandarua na Meru wakulima wanatafuta mnunuzi, wakakasirika hadharani. Kampuni ikajibu kwamba viazi havina budi kuidhinishwa kwanza kwa kipimo cha ubora wa dunia nzima, na baadaye ikaahidi kutafuta vya nchini. Jibu lile halikuwa la dharau. Lilikuwa kweli tupu ya biashara. Lakini lilionyesha cheo halisi cha mji uliofikiwa: mji huo umealikwa kama kinywa. Mkono haukualikwa.

Zanzibar ilipita njia nyingine, ya ujanja. Jioni pale Forodhani mpishi hutandaza donge la unga likawa jembamba kama karatasi, akatia nyama, kitunguu na yai, akakunja, akaliweka juu ya chuma chenye mafuta, na kulitangaza kwa wageni kwa jina la piza ya Zanzibar. Mtaliano akiiona hupigwa na bumbuazi. Ni jamaa ya mantabali, na ukoo wake uko Uarabuni, si Italia. Wapishi wale waliazima jina tu, chakula wakakiacha kwa wenyewe.

Sasa yafaa kurudi Singida na kumtazama kuku mwenyewe, maana amesifiwa sana na kutazamwa kidogo.

Kuku wa Singida si mnono. Miguu yake mirefu, kifua chake chembamba, na nyama yake humtaka mlaji awe na meno. Hushinda akipekua chini ya mtama, uwele na mashina ya alizeti, akila mchwa, punje na mabaki ya jikoni, akikimbia mwewe na watoto. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6. Huyu hutaka miezi 6 au 7, na katika miezi hiyo amekwenda mwendo ambao yule mwingine hakuuota. Mwendo huo ndio ulio katika supu. Hakuna kiungo kinachoweza kuiga jasho.

Mwenye kuku, aghalabu, ni mwanamke. Ng'ombe wana baba, hesabu na baraza. Kuku wana mama. Ada ya shule ikikaribia, daftari likiisha, mgonjwa akihitaji nauli ya kwenda hospitali, mkono wa mama huingia bandani kabla haujaingia penginepo. Kwa hiyo kuku huuzwa siku ambayo mwuzaji ana haja, na mchuuzi wa baiskeli anaijua siku hiyo kama ajuavyo siku ya mnada. Hufika asubuhi, hupima kuku kwa kumning'iniza miguu, husonya, kisha hutaja bei. Kutoka hapo kuku huingia katika tenga, tenga hupanda juu ya gari, na baada ya kilomita zipatazo 700 hushushwa Dar es Salaam, ambako bei yake imekwisha kusahau ilikotoka.

Tena huja mdondo. Kila mfugaji anajua mwaka wa mdondo kama ajuavyo mwaka wa njaa: jioni kuku 30, wiki ifuatayo 3, nao wameinamisha shingo. Dawa ya kuuponya haipo, lakini iko kinga, nayo ni rahisi kwa namna ya kutia uchungu: tone moja la chanjo katika jicho, kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja chatosha kuku wengi. Shida ni kwamba mwenye kuku 10 haoni sababu ya kukinunua peke yake, na kuwakusanya majirani 10 siku moja ni kazi inayowashinda hata wenye vyeo.

Pengine hapa msomaji ataona tofauti. Kentucky ilitoa jina, haikutoa kuku. Na kila jina lile linapobandikwa mlangoni, yuko anayelipwa. Singida hutoa kuku, na jina hulitoa bure. Katika masoko ya Dar es Salaam kila jogoo mwenye miguu mirefu huitwa wa Singida, hata kama kwao ni Tabora, Dodoma au Shinyanga, au ni chotara aliyekuzwa kwa chakula cha gunia nje kidogo ya jiji. Mwuzaji haoni kwamba anadanganya; kwake Singida si mahali, ni aina. Hii ndiyo heshima ya juu ambayo kitoweo chaweza kuupa mji, nayo pia ndiyo hasara ya chini kabisa.

Huko upande wa Ilongero alikuwako bibi mmoja mfugaji na mjukuu wake aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa. Siku moja kijana alirudi na boksi la karatasi alilolibeba mapajani toka mjini, lenye kuku wa kukaanga, lililochorwa sura ya mzee wa Kizungu mwenye ndevu za kidevuni na miwani. Bibi, baada ya kuitika shikamoo, aliitazama picha muda mrefu.

"Mjukuu wangu, huyu mzee ni babu wa nani?"

"Ni mwenye duka, bibi. Amekwisha kufa."

"Na watoto wake wamekubali sura yake itupwe jalalani na mifupa?"

Kijana akacheka. Bibi akaonja, akatafuna kidogo, akasema kuku ni laini kama mkate na chumvi yake nzuri, akala kipande cha pili bila kushurutishwa. Boksi hakulitupa, alilitia mbegu za maboga. Lau hadithi ingekwisha hapo, ingekuwa hadithi ya watu 2 waliopendana. Lakini kijana, kwa kuona kipande cha pili kimeliwa, alipata ujasiri wa kusema kwamba duka kama lile likifika Singida, mji utajulikana.

"Watanunua kuku wangu?"

"Hapana, bibi. Wao hutaka kuku wa umri mmoja na uzito mmoja, wa wiki 6."

"Kuku wa wiki 6 ni kifaranga. Basi hao watatuletea nini sisi?"

Ndipo kijana aliposema neno ambalo watetezi wa kuku wa kienyeji hawapendi kulisikia. "Watatuletea bei iliyoandikwa ukutani, bibi. Pale hakuna mtu anayemsonyea mwenzake. Tajiri na maskini wote husoma bei moja. Wewe jogoo wako wa mwaka jana ulimwuza kwa bei gani? Na mchuuzi alimwuza kwa bei gani?"

Bibi hakujua nusu ya pili ya jibu. Akanyamaza, akaenda kufunga banda.

Kijana alikuwa na haki. Wapendao mambo ya kwao husifu ladha wakasahau mizani. Mikahawa ya ng'ambo haikushinda dunia kwa ladha peke yake. Imeshinda kwa usafi unaoonekana, kwa bei inayosomeka, na kwa desturi ya kumpa mteja wa leo kile alichopewa wa jana. Sifa hizi si za Kizungu. Mpishi wa maandazi aliye mwaminifu anazo zote. Lakini mji unaojivunia kuku wake huku ukimwacha mwenye kuku auze gizani, fahari yake ni ya mchuuzi.

Alizeti ni ndugu wa jambo hili. Timu ya mpira ya Singida United, iliyopanda ligi kuu mwaka 2017 na kushuka mwaka 2020, iliitwa Walima Alizeti, na mashabiki walilipokea jina lile kwa shangwe. Ni timu chache duniani zilizoona fahari katika jembe. Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida pamoja na Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kwanza kutiliwa mkazo katika kilimo hicho, ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kupikia kutoka nje. Hata hivyo mafuta yale bora yalipangwa kando ya barabara katika chupa zilizokwisha kutumika, yakipigwa na jua, na jua huyaharibu.

Kando ya barabara: hapo ndipo Singida ilipo, kama Corbin ilivyokuwa. Njia ya Dodoma kwenda Mwanza hupita hapo, na ya kutoka Arusha kupitia Babati huishia hapo. Kituo cha mabasi cha Misuna huishi kwa matumbo ya wapitao. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, na reli yake inajengwa kuendelea mpaka Tabora na Mwanza. Reli hiyo hukata mkoa wa Singida upande wa kusini, kwa Manyoni na Itigi. Mjini haifiki. Siku itakapomaliziwa, abiria wa Mwanza aweza kupita usingizini bila kusikia harufu ya supu. Mzee wa Corbin alipoachwa na barabara alikuwa na jina na sufuria, akatoka navyo. Wauzaji wa Misuna watatoka na nini?

Mjukuu yule hakungoja duka la ng'ambo. Alipanga kibanda karibu na kituo, akanunua sufuria la mvuke, kwa kuwa kuku wa bibi hutaka saa 2 za kuni na basi halingoji dakika 20. Bibi alikubali kumwekea majogoo kwa sharti 2: kijana alipie chanjo ya kijiji chake, si ya banda lake peke yake, na bei atakayoiandika ukutani amwambie na yeye. Kijana akaona sharti la pili ni gumu kuliko la kwanza, maana lilimlazimu kumlipa bibi zaidi ya mchuuzi. Akakubali. Ubao ukaandikwa kwa chokaa, Kuku wa Singida, na chini yake bei ya paja, ya kidari na ya supu.

Kuku wa Ilongero hawakutosha hata mwezi mmoja. Watu walikula, ubao ukasomwa, na tenga la majogoo likaagizwa kutoka Igunga, mkoa wa Tabora. Asubuhi moja mwanamke mmoja aliyeshuka katika basi la Mwanza alisimama mbele ya ubao, akatazama sufuria, akauliza kama kuku wale kweli walikuwa wa Singida.

"Mama yangu, waliomo humu wawili ni wa Igunga," kijana akasema, "na mmoja ni wa Ilongero, kwa bibi yangu."

"Bei yao mbalimbali?"

"Bei yao ni moja."

Mwanamke akaomba paja la yule wa Ilongero. Kijana akapekua kwa uma muda kidogo, kwa sababu katika sufuria walikuwa wamefanana, kisha akamwambia kwamba hawezi tena kumtambua. Mwanamke akalipa, akala amesimama, na kabla hajapanda basi akaomba aongezewe mchuzi.